Anti, tumekata mwembe wetu na sasa silali

Shikamoo Anti,

Naomba usinicheke. Barua hii nimeianza mara tatu nafuta, maana nikiisoma naona kama mtu mzima nalilia mti, ila kwa kweli nimefika mahali sina wa kumwambia.

Mi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 36, naishi Kinyerezi na kazi yangu ni uhasibu, ofisi iko Posta. Kiwanja tulinunua mwaka 2014 na mwembe tuliukuta, mwembe dodo, mkubwa kwelikweli, na aliyetuuzia alisema hata yeye aliukuta. Tukajenga nyumba kwa nyuma, mti ukabaki mbele kati ya geti na baraza.

Sasa Anti nikwambie ukweli, huo mti ulikuwa kero. Majani kila siku. Haujui kiangazi haujui masika, unadondosha tu, ukianza kutoa maua vile viua vidogovidogo vinaingia mpaka ndani kwenye makochi, na msimu wa maembe ndo usiseme, nzi, popo usiku wanaangusha makokwa juu ya bati unaamka unadhani mwizi, na watoto wa mtaa mzima wanagonga geti, mama tunaomba embe, mama tunaomba embe. Kila siku saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikuwa nje na fagio langu la chelewa nafagia. Dada wa kazi nikimwachia anafagia katikati tu pembeni anaacha, na mi nimelelewa na bibi Muheza, kwetu uwanja usiofagiwa ni aibu, mgeni anakusoma kabla hujamkaribisha. Kwa hiyo nikawa nafagia mwenyewe, nusu saa, siku nyingine dakika arobaini, huku nalalamika moyoni kwamba muda huu ningekuwa bado nimelala.

Mwaka jana mwezi wa nane mume wangu akanunua gari, akasema tuweke pevingi na mwembe utolewe, mizizi isije ikainua pevingi baadae. Mi ndo wa kwanza kusema sawa. Sikulazimishwa na mtu. Fundi akaja na chenso, kufika saa tisa mchana mti wote umekuwa vipande, matawi wakabeba watu wa mkaa, kisiki kikang'olewa wiki iliyofuata. Pevingi zikawekwa nyekundu na kijivu, ua likapendeza, watu wakasifia, nikapiga picha nikaweka status.

Tangu hapo siko sawa. Naamka palepale saa kumi na moja hata kengele ya simu haijalia, sina cha kufanya, nachukua simu nalala nayo kifuani nazunguka tu huku na huku, nikishtuka saa kumi na mbili imepita nakimbilia daladala. Ofisini nimechoka kabla sijaanza. Usiku ndo balaa, chumba kinafuka joto, feni inazungusha lilelile, nakuja kusinzia saa saba, saa nane. Nimekuwa mkali kwa watoto mpaka najiogopa. Wikiendi najifungia ndani na mapazia yameshushwa maana nje pevingi zinawaka huwezi hata kukaa barazani. Majirani waliokuwa wanakuja Jumapili kukaa chini ya mti wanasukana nywele hawaji tena, wakae wapi? Bibi wa nyumba ya pili, ambaye mwarobaini wake unamwaga majani mpaka mbele ya geti letu upande wa barabarani, tulikuwa tunasalimiana kila asubuhi, saivi naweza kumaliza mwezi sijamwona. Juzi nimekutana nae dukani akaniambia, mwanangu siku hizi sikusikii, sikumwelewa, nikamjibu tu nipo bibi, nikapita.

Kilichonimaliza ni mwezi wa kumi na moja. Watoto wadogo wawili wa mtaani wakagonga geti, mmoja kashika kimfuko, mama tunaomba embe. Nadhani walikuja kwa mazoea, mguu tu umewaleta. Nikawaambia hamna jamani mti tumekata, yule mdogo akachungulia ndani kama haamini, akaniangalia, wakaondoka. Niliingia bafuni nikalia mpaka nikafungulia bomba nisisikike.

Mume wangu ni mtu mwema Anti, siwezi kumsema vibaya, ila nikigusia anasema si mti tu, maembe Buguruni yamejaa tutanunua. Rafiki yangu wa ofisini anasema nina stresi niende jim. Dada mmoja tunasali nae akanitisha kabisa, eti mti mkubwa hivyo ukikatwa bila dua wenyewe, mashetani wa mti, wanahama na usingizi wako. Sasa sielewi. Naumwa? Au ni nini? Na nitamwambiaje mtu pevingi zing'olewe wakati tumeweka mamilioni na mi mwenyewe ndo nilikubali?

Mama wawili, Kinyerezi

* * *

Marahaba mwanangu.

Sikucheki, na hukuandika kitu cha kuchekwa. Barua yako nimeisoma kwanza haraka kama ninavyosoma zote, halafu nikarudia taratibu na kalamu mkononi, na nikwambie nilichokiona. Mwembe umo, gari limo, mume yumo, lakini kitu ulichokielezea kwa undani kuliko vyote ni fagio. Umeniambia saa ulizokuwa unafagia, umeniambia dakika, umeniambia bibi yako Muheza alikufundisha nini kuhusu uwanja, hata dada wa kazi anavyofagia katikati akaacha pembeni umenieleza. Kuhusu utamu wa maembe hujasema hata neno moja. Kwa hiyo mi naanzia hapo, kwenye fagio, huko kwa mume na pevingi tutafika.

Hebu fikiria ile nusu saa ilikuwa na nini ndani yake. Unatoka nje giza linaanza kupauka, unainama unainuka, unavuta pumzi, mkono unakwenda kulia kushoto, fagio la chelewa linaacha ile mistari yake kwenye mchanga kama mtu amechana nywele, tetere wanaanza kulia juu ya mti, simu iko ndani, hakuna anayekutaka kitu. Bibi jirani anapita mnasalimiana. Mpaka unamaliza kumekucha na mwanga uko usoni. Uliita kero, na sikatai ilikuwa kero, ila ndani ya hiyo kero kulikuwa na mazoezi, kulikuwa na mwanga, kulikuwa na ukimya na kulikuwa na mtu wa kusalimiana nae. Vitu vinne, umevipata kila siku ya Mungu kwa karibu miaka kumi bila kuvipanga. Siku fundi anazima chenso, vyote vinne vimeondoka pamoja na majani.

Tuanze na usingizi maana ndio unaokutesa. Mwili una saa yake ya ndani, na saa hiyo inarekebishwa kila siku na mwanga, hasa wa asubuhi, unaoingia machoni. Ukipata mwanga wa nje mapema ubongo unapunguza homoni ya usiku, melatonini, mwili unajua siku imeanza, na kutokea hapo unahesabu masaa ya kuja kuirudisha jioni ili usinzie. Sisi wa Dar tuna bahati, jua letu halizunguki sana, mwaka mzima linatoka kati ya saa kumi na mbili kasoro dakika chache na saa kumi na mbili na dakika arobaini hivi, yaani kila ukimaliza kufagia mwanga wake ulikuwa unakukuta palepale. Sasa saivi unafanyaje? Umelala chali kwenye giza na simu kifuani, halafu ndani ya daladala umebanwa, halafu ofisini chini ya taa, na taa za ofisi hata ziwashwe zote mwanga wake ni mdogo mara nyingi sana kuliko wa nje, hata siku ya mawingu. Ukitoka giza limeshaingia. Mwili wako siku nzima haujaambiwa vizuri kama kumekucha, unashangaa nini ukishindwa kujua saa ya kulala?

La pili ni joto. Hili sio hisia zako, lipo kweli. Mwembe ulikuwa unaweka kivuli kwenye ua na ukutani, lakini pia majani yanatoa maji hewani siku nzima kama mvuke, na maji yakigeuka mvuke yanachukua joto. Ndio maana chini ya mwembe kuna ubaridi ambao chini ya turubai huupati hata kivuli kiwe kizito vipi. Pevingi zinafanya kinyume, zinakunywa jua mchana kutwa halafu usiku mmelala zinalitema taratibu, na dirisha lako liko hapohapo. Na tuko mwezi wa kwanza, kaskazi, kipindi cha joto kali kuliko vyote Dar, hata wenye miembe yao wanalalamika. Kwa hiyo sehemu ya mateso yako itapungua yenyewe kusi likianza kuvuma, nakwambia hivyo usije ukadhani utabaki hivi milele.

Kuhusu yule dada na hao wenyewe waliohama na usingizi. Mimi siidharau imani ya mtu, na kama moyo wako unataka dua basi ombeni dua nyumbani, hakuna nyumba iliyoharibika kwa dua. Lakini usikae na hofu. Usingizi wako umechukuliwa na vitu ambavyo nimeshakutajia, vinaonekana na vinashikika, na vinarudishika.

Na usione aibu kwamba ni mti tu. Kuna mtafiti Mmarekani, Roger Ulrich, mwaka 1984 alichapisha matokeo ya wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa mfuko wa nyongo kwenye hospitali moja Pennsylvania, nusu yao dirisha lilitazama miti, nusu lilitazama ukuta wa matofali, na waliotazama miti walitoka hospitali mapema kidogo na walihitaji dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Hao miti waliiona kwa dirisha tu, wakiwa wamelala. Wewe uliishi chini yake. Na mwaka 2019 watafiti Uingereza waliwaangalia watu karibu 20,000, wakakuta wanaopata angalau dakika 120 kwa wiki kwenye maeneo ya asili ndio waliosema wako vizuri kiafya na kimaisha zaidi ya wasiopata kabisa, na haikujalisha kama wamezipata kwa siku moja au kidogokidogo. Ni kweli utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba miti peke yake ndiyo iliyowafanya wawe hivyo. Ila piga hesabu yako wewe mhasibu, nusu saa kwa siku saba ni dakika 210 kwa wiki, ulikuwa unazipata unanung'unika.

Mimi mwenyewe nilipitia hili ndio maana naandika kwa nguvu hivi. Nimekaa Kigamboni miaka mingi, na miaka yote nilivuka na pantoni kwenda kazini mjini, na hakuna siku sikulalamika. Foleni, jua, kusukumana, mabaiskeli yanakukanyaga, samaki wanakumwagikia maji kwenye viatu. Mwaka 2016 daraja likafunguliwa, jirani yangu mmoja mwenye gari akaniambia dada twende wote, nikaona Mungu amenisikia. Tukawa tunapita darajani vioo vimepandishwa, kiyoyozi, redio. Nafika mapema, nguo haijakunjika. Ndani ya miezi mitatu nikawa mtu mwingine, kichwa kizito, watu wa nyumbani wananikwepa, nikapima presha nikapima malaria, hamna kitu.

Siku moja yule jirani kasafiri, nikarudi kwenye pantoni. Nikasimama pale kwenye reli kama zamani, upepo wa kusi unanipiga shingoni, ngalawa inapita imeinamia tanga lake, na nikatazama maji nikashindwa kujua ni bamvua, maji yanayojaa na kupwa sana, au maji mafu, yanayosogea kidogo tu. Nilisimama pale nikashikwa na uchungu mwanangu, machozi yakanitoka katikati ya watu na makapu yao. Kwa sababu mi nilikuwa najua! Kwa miaka yote ile nilijua mwezi ukoje bila kutazama juu, nikiona kilima cha kushukia kwenye pantoni kimekuwa kikali najua maji yamekupwa sana, bamvua hiyo, mwezi ni mwandamo au mpevu, nikiona maji hayapandi sana wala hayashuki sana najua mwezi ni nusu. Najua kama leo maji yamejaa saa mbili, kesho yatajaa saa mbili na dakika hamsini hivi, kila siku yanachelewa kidogo yanaufuata mwezi. Hakuna aliyenifundisha darasani, ni ile foleni niliyokuwa naitukana. Tangu siku hiyo, siku tatu kwa wiki napanda pantoni hata gari likiwepo, jirani yangu mwanzo alinuna baadae akazoea.

Kwa hiyo nakuelewa. Tufanye nini sasa.

Kwanza usingoje mti. Mti utachukua miaka na wewe huna miaka ya kutolala. Umeniambia mwarobaini wa bibi jirani unamwaga majani mbele ya geti lenu upande wa barabarani. Pale hapana pevingi si ndio? Pana mchanga, na pana majani, na sasa hivi anafagia dada au hafagii mtu. Fagio lako la chelewa kama bado lipo lichukue, kama limetupwa nunua jingine, na saa ileile unayoamka toka nje ya geti ufagie pale. Kwa usalama subiri kupambazuke kidogo, saa kumi na mbili kamili inatosha. Fagia mpaka mbele ya kwa bibi, hata kama si kwako. Simu isilale chumbani, iache sebuleni ichajiwe huko, maana nakujua, ikiwa karibu mkono utaenda. Wiki mbili tu, kabla hujaniambia imeshindikana.

Jioni ukirudi, ua likiwa limepoa kidogo kwa upepo, mwagia maji machache zile pevingi za chini ya dirisha kama maji yapo, sio siku ambazo hayatoki. Fungua mapazia na madirisha yote ya pande mbili hewa ipite. Toka kwenye ule ufungwa wa wikiendi. Jumamosi moja wabebe watoto muende Pugu, kwenu Kinyerezi si mbali hata kidogo, ule msitu wa Pugu na Kazimzumbwi upande wa Kisarawe uko chini ya wakala wa misitu, mnalipa kiingilio mnatembea na muongozaji, kuna mapango ya zamani yalikochimbwa udongo mweupe na yamejaa popo. Mwanao akiuliza popo wale ndo waliokuwa wanatupa makokwa juu ya bati, mwambie pengine hapana, wale wa maembe wengi wanalala mitini, wa pangoni wengi wanakula wadudu. Watoto wanapenda sana habari hizo na wewe utasahau ofisi.

Sasa mume wako. Usimwambie pevingi zing'olewe, hutaki hivyo na mi sikushauri. Mwambie ukweli wako kwanza, kwamba hulali, kwamba umelia bafuni, kwamba watoto walikuja na kimfuko. Yeye hajui hilo la kimfuko, au nimekosea? Nahisi umemwambia habari za maembe ndio maana anakujibu habari za maembe, Buguruni yamejaa. Mtu anajibu alichoulizwa. Mwambie habari za usingizi, na umwambie jioni mmekaa pale barazani wakati pevingi bado zina moto, aweke mkono juu yake mwenyewe. Na anza na lile la kwamba wewe ndio ulikubali kwanza, usiliache mwishoni, akijua humlaumu atasikiliza.

Halafu omba kitu kidogo. Shimo moja. Pevingi zikilazwa juu ya mchanga zinanyanyuka bila kuvunjwa, fundi aliyeziweka anaweza kutoa eneo la mita moja na nusu kwa mita moja na nusu, zile atakazotoa mkaziweka stoo. Chagueni upande ambao jua la alasiri linapiga ukuta wa chumba chenu, mbali na karo, mbali na bomba, na mti usibane ukuta wa nyumba wala kuziba njia ya gari. Mume alikuwa na hoja kuhusu mizizi na hoja yake iheshimiwe, kwa hiyo msirudishe jitu kama lile. Mwembe wa kubebeshwa, ule wa kisasa ambao kijiti cha mwembe mwingine kimeunganishwa kwenye mche wa kokwa, haukui sana ukiupogoa, na unaanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne wakati wa kokwa unaweza kukuweka miaka saba na zaidi. Wauza miche wa barabarani wanayo, ila angalia pale ulipobebeshwa, kovu lake lionekane limeunga vizuri, lisiwe linachezacheza, wengine wanauza mche wa kokwa kwa bei ya kubebeshwa.

Wakati mwembe unakua, pandeni pasheni ukutani itambae kwenye waya au fremu ya mbao mbele ya dirisha, hiyo ndani ya mwaka mmoja imeshaweka kivuli na watoto wa mtaa watakuwa na cha kuja kuomba. Kuna watakaokwambia panda mkungu una kivuli kipana, ni kweli, ila majani yake makubwa na mizizi yake itawarudisha kwenye ugomvi wa pevingi. Mi nasema mwembe.

Na muwahi. Masika yanaanza mwezi wa tatu, shimo lichimbwe mwezi wa pili, mtie samadi iliyooza lipumzike, mvua za kwanza zikishuka mnapanda, mwanzoni hamtahangaika na kumwagilia. Hilo shimo litawasaidia na kingine, litakunywa maji. Mvua ikinyesha kwenye pevingi nyingi inakimbilia barabarani, na kwenu huko maji yakikimbia yanaingia mto Msimbazi yanashuka mpaka Jangwani, na tuliokuwepo Desemba 2011 hatujasahau maji ya Jangwani. Shimo moja halizuii mafuriko, nalijua hilo, lakini siku ya mvua utaliona linavyokunywa na utafurahi.

Kuna jambo moja nisiliache. Umeuliza unaumwa au la. Mi si daktari. Ninachojua ni kwamba huzuni ya kupoteza kitu ulichokizoea ni huzuni halali na kwa wengi inapungua ukianza kutoka nje na kuongea. Ila kama wiki mbili tatu zikipita na bado hulali, huna hamu ya kula, hupendi hata vile ulivyovipenda, ule ukali kwa watoto unazidi, au ukaanza kuwaza heri nisingekuwepo, basi usingoje pasheni wala mwembe, nenda hospitali ukawaambie hivihivi ulivyoniambia mimi. Likija hilo wazo la mwisho usihesabu wiki, nenda siku hiyohiyo, na umwambie mume wako usibaki peke yako. Muhimbili wana idara nzima ya magonjwa ya akili, na hospitali za rufaa za mikoa nazo ukiuliza utaelekezwa. Wanaokwenda pale wengi ni watu kama wewe, wanafanya kazi, wana watoto, wamechoka.

Mwisho yule bibi. Umesema alikwambia siku hizi sikusikii na hukumwelewa. Mwanangu, bibi alikuwa anasema fagio. Mtu mzima anaamka kabla ya kila mtu, anakaa kitandani mwake anasubiri kukuche, na kwa karibu miaka kumi alikuwa anakusikia wewe, chwa, chwa, chwa, ng'ambo ya ukuta, anajua mwenzangu kaamka. Na yeye kuna kitu kimemkatikia mwezi wa nane na hakuna aliyemuuliza. Kesho anza kufagia kuanzia upande wake. Akitoka muamkie vizuri, mpe muda, na akikuuliza ulipotelea wapi mwambie yote, hata lile la bafuni.